Mgonjwa wa Uvimbe wa Ubongo Aulizwe Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mbele ya wanachama na majirani, katika jioni ya afya ya maadhimisho yetu)





Kamati ya maadhimisho imeniomba nizungumze juu ya saratani ya ubongo, hasa juu ya hali ya nafsi ya mgonjwa na ubora wa maisha yake. Mimi si tabibu. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na tangu hapo nimeuza misumari, rangi, mabati na bolti katika mji huu wetu wa Tanga. Nimekubali wito wa kamati kwa kuwa nilimwuguza ndugu yangu mdogo mwenye maradhi haya kwa miezi 17, hadi alipotutoka. Katika miezi ile niliwasumbua madaktari kwa maswali, nikasoma nilichoweza kusoma, na usiku nikiwa macho nilipata wasaa wa kufikiri kuliko nilivyowahi kuupata dukani.

Neno nililokuja nalo ni moja. Katika maradhi mengine, kiungo kinachougua ni kimoja, na kinachofikiri na kusema ni kingine. Mtu mwenye saratani ya ini aweza kukuambia hadi siku zake za mwisho kwamba anataka hiki na hataki kile. Katika saratani ya ubongo, kinachougua ndicho hicho kinachofikiri, kinachotafuta maneno na kinachoamua. Kwa hiyo lolote tunalotaka kulijua kutoka kwa mgonjwa wetu, tumwulize yeye mwenyewe, na tumwulize mapema, wakati jibu bado limo kinywani mwake.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa kifupi, ili tusichanganye mambo. Si kila uvimbe wa kichwani ni saratani, wala si kila uvimbe unaua. Shirika la Afya Duniani huzipanga vimbe za ubongo katika madaraja manne. Ule wa daraja la kwanza hukua polepole, na mara nyingi ukiondolewa wote mtu huendelea na maisha yake hadi uzeeni. Wapo pia wagonjwa ambao saratani yao ilianzia kwenye pafu au titi, kisha ikapanda kichwani, na kwa watu wazima hao ndio wengi kuliko wale ambao uvimbe wao umeanzia ubongoni. Katika saratani zinazoanzia ubongoni penyewe, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima ni hii iitwayo glioblastoma, nayo ni ya daraja la nne. Ndiyo iliyomchukua ndugu yangu.

Tiba yake ni upasuaji, kisha mionzi, kwa kawaida mara 30 katika muda wa wiki sita, pamoja na vidonge vya dawa iitwayo temozolomidi. Utaratibu huu ulithibitishwa mwaka 2005 katika utafiti ulioongozwa na daktari Roger Stupp, ambao uliwahusisha wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walivuka miezi 12.1. Waliopata mionzi pamoja na vidonge, nusu yao walivuka miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, katika kila wagonjwa 100 waliopata vidonge, 26 walikuwa hai, na katika kundi la pili walikuwa 10.

Mimi ni mfanyabiashara, na tarakimu ni lugha yangu ya pili. Nilipoziona hizi nilizipima kama nipimavyo bei. Miezi miwili na nusu si kitu cha kudharau, na mtu 1 katika kila 4 kufika miaka miwili ni habari njema kwa maradhi kama haya. Lakini hesabu ile haimwambii mtu kilichomo ndani ya miezi hiyo. Je, alilala? Alicheka? Alijua jina la mjukuu wake? Alipewa nafasi ya kukataa jambo asilolitaka? Hapo ndipo madaktari wenyewe walipoona kwamba kuhesabu miezi hakutoshi.

Tangu miaka ya 1940 hospitali zimetumia kipimo kilichobuniwa Marekani, kiitwacho kwa jina la daktari Karnofsky, ambacho humpa mgonjwa alama kuanzia 0 hadi 100 kwa kuangalia kama aweza kufanya kazi, kujihudumia, au ni wa kitandani. Kipimo hicho kina faida yake, lakini anayetoa alama ni daktari, akimtazama mgonjwa kwa nje. Baadaye watafiti wa Ulaya walitunga dodoso la maswali 30 kwa wagonjwa wote wa saratani, wakaongeza maswali mengine 20 kwa wale wa ubongo, na hayo hujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Anaulizwa kama maumivu ya kichwa yanamsumbua, kama anashindwa kupata maneno ya kusema, kama miguu imelegea, kama mkojo unamponyoka. Anaulizwa pia kama anayaonea shaka maisha yake ya mbele. Swali la mkojo na swali la kesho yamo katika karatasi moja, nami naona ndivyo ilivyo, kwa maana mgonjwa hutaabika kwa yote mawili kwa pamoja.

Waliofanya kazi na madodoso ya namna hii wameona jambo ambalo jamaa wa wagonjwa tunapaswa kulisikia. Mara nyingi sisi tulio wazima huyaona maisha ya mgonjwa kuwa mabaya kuliko anavyoyaona yeye. Tunautazama mkono uliopooza, naye anautazama mkono uliobaki. Basi tukiamua kwa niaba yake bila kumwuliza, tunaamua kwa huzuni yetu wenyewe.

Sasa nije kwenye nafsi. Wengi wamewahi kusikia jina la George Gershwin, mtunzi maarufu wa muziki wa Marekani. Mapema mwaka 1937, akiwa jukwaani, alikosea katika muziki alioutunga mwenyewe. Alilalamika kwamba ananusa harufu ya mpira unaoungua, harufu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Kichwa kilimwuma, tabia ikageuka. Alichunguzwa, akaambiwa ni mishipa ya fahamu na uchovu, na waliomzunguka wakaona anajidekeza. Mwezi Julai alianguka akapoteza fahamu, akapasuliwa kwa haraka, na tarehe 11 akafa, akiwa na umri wa miaka 38. Ulikuwa uvimbe wa ubongo.

Kama ilivyotokea katika mji wa matajiri na madaktari bingwa, ndivyo inavyotokea kwetu. Kwetu husemwa karogwa. Wengine husema ni mapepo, wengine ni kijicho cha jirani; na sisi watu wa asili ya Gujarati tusijione tumevuka, maana tunayo nazar yetu, na tunazo nyota zetu za kulaumu. Ndugu yangu alikuwa mpole kuliko mimi. Wateja walikuwa wakisubiri niondoke ndipo waombe punguzo. Akaanza kuwafokea. Akarudisha chenji ya shilingi elfu kumi kwa mtu aliyelipa elfu tano. Mtaani ikasemwa kwamba biashara imemvuruga, na wengine wakasema ameanza kunywa. Kisha siku moja akaanguka kifafa kati ya mapipa ya rangi, na tukaenda Bombo, na kutoka hapo Dar es Salaam kwa picha za kichwa. Alipasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo licha ya jina lake ndipo ubongo pia unapopasuliwa.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya tabia. Uvimbe ukikaa pale, mtu mstaarabu aweza kutukana, mkarimu akawa bahili, na mwenye bidii akakaa kitini kutwa akitazama ukuta bila huzuni wala furaha. Kisha zipo dawa. Ile deksamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe wa maji kuzunguka saratani na hutuliza kichwa kwa ajabu, huweza pia kumnyima mtu usingizi, kumtia njaa ya usiku wa manane, kumvimbisha uso na kumfanya mkali. Madaktari wengi huagiza inywewe asubuhi ili usiku upite salama. Haifai kuiacha ghafla bila ruhusa ya daktari. Nawasihi sana juu ya hilo, kwa maana wapo wanaoiacha siku wanapojisikia nafuu.

Na tatu, ipo sonona yenyewe, huzuni iliyozidi kiasi, ambayo ina tiba. Shida ni kwamba mlango wa chumba ni mmoja na wageni ni watatu: uvimbe, dawa na majonzi. Mke anaona tu mume amenuna. Hawezi kujua ni yupi kati ya hao aliyeingia, na hata daktari huhitaji muda kuwatenganisha. Lakini daktari hawezi kuanza kama hakuambiwa. Tunamwambia daktari habari za kichwa kuuma na miguu kulegea, na za kulia usiku tunaziacha nyumbani kwa kuona aibu. Zisemwe. Wala asiambiwe mgonjwa kwamba angekuwa na imani zaidi asingelia. Nimesikia neno hilo likisemwa na watu wa dini tatu tofauti, wote kwa nia njema.

Nifike kwenye jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kumwambia mgonjwa. Katika nyumba zetu, za Wahindi na za Waswahili pia, desturi ni kumficha. Daktari humwita mkubwa wa familia pembeni, mkubwa huwaambia wanaume, wanawake hujua kwa kuangalia nyuso, na mgonjwa ndiye wa mwisho, akijua yote lakini hana wa kuzungumza naye. Nyumbani kwetu palikuwa na rai mbili. Wapo waliosema akijua atakufa siku hiyo hiyo. Mama yetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 84 na hakuwahi kwenda shule, alisema kwamba mtoto wake hajawahi kudanganywa na mama yake na hataanza kudanganywa akiwa mgonjwa.

Aliyetutoa katika mabishano alikuwa daktari kijana. Hakumwambia ndugu yangu chochote, alimwuliza. Alivuta kiti, akaketi, akasema: “Bwana, baadhi ya watu hupenda kujua kila kitu juu ya ugonjwa wao, na wengine hupenda niwaambie jamaa zao. Wewe ungependa nikuambie kiasi gani?” Ndugu yangu akafikiri. Akajibu kwamba anataka kujua ni ugonjwa gani na watafanya nini, lakini asitajiwe miezi. Sisi tuliokuwa tukibishana kati ya kuficha yote na kusema yote, hakuna hata mmoja aliyewaza jibu hilo. Lilikuwa lake, na tuliliheshimu hadi mwisho. Tarakimu zile za mwaka 2005 nilizozitaja, yeye hakuzisikia kamwe.

Kuanzia hapo, katika wiki sita za mionzi pale Ocean Road, jioni baada ya chakula, tulimwuliza kidogo kidogo. Hatukumkalisha kama shahidi mahakamani. Tulimwuliza jambo gani linamtia hofu, siku njema kwake ni siku gani, na akizidiwa angependa kuwa wapi na nani amshike. Majibu aliyatoa polepole, mengine kwa mzaha, nami niliyaandika nyuma ya daftari la madeni ya duka, maana ndilo lililokuwa mkononi. Tulidhani anaogopa kifo. Alisema anachokiogopa ni kuoshwa na wake za wanawe. Siku njema ni siku aliyofika dukani, hata kama ni kwa nusu saa. Na asipelekwe mbali tena baada ya Dar es Salaam. Akizidiwa, abaki Tanga, mahali anaposikia kelele za mtaa wake.

Miezi tisa baadaye maneno yalianza kumtoka. Akitaka maji alisema chumvi, akakasirika akipewa chumvi. Hapo ndipo tulipolifungua daftari. Tuliajiri kijana wa kiume wa kumwogesha, na hakuna mkwe aliyemwona katika hali aliyoikataa. Gharama yake kwa mwezi ilikuwa ndogo kuliko chupa moja ya dawa za kuongeza nguvu ambazo kila mgeni alitushauri tununue.

Juu ya lugha kuna jambo la kusema. Nyumba nyingi hapa zina lugha tatu: Kigujarati cha jikoni, Kiswahili cha dukani, Kiingereza cha barua. Uvimbe ukigusa sehemu ya maneno, lugha hazipotei sawasawa, na hakuna ajuaye mapema ipi itabaki. Ndugu yangu Kiingereza kiliondoka kwanza, kisha Kigujarati kikawa vipande vipande, na Kiswahili ndicho kilichodumu, hasa salamu, hesabu na matusi madogo ya sokoni. Hata lugha nzima huleta mkanganyiko wake. Wodini muuguzi alimwuliza mwanangu, “Huyu ni nani wako?” Kijana akajibu, “Kaka.” Muuguzi akashangaa kaka gani mwenye mvi. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Ndugu yangu, aliyekuwa hajacheka kwa wiki nzima, alicheka hadi mashine ikalia.

Dukani kwetu yupo mzee mmoja, Mdigo, aliyefanya kazi nasi kwa miaka 31. Yeye hakusoma dodoso lolote. Alipoona bhai, kama alivyomwita, hawezi tena kusema wala kusimama, alimletea nyumbani sinia la bolti na nati zilizochanganyika, akaliweka magotini pake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unasikia. Ndugu yangu alizichambua: za inchi nusu huku, za robo tatu kule, na akapata kila nati na bolti yake. Ilimchukua asubuhi nzima, naye alikuwa ametulia kama mtu aliye kazini. Mzee alichukua sinia jioni, na nadhani alikuwa akizichanganya tena usiku, maana kesho yake alirudi nalo. Walifanya hivyo kwa wiki saba. Kama ningeambiwa nitaje dawa iliyomsaidia nafsi yake kuliko zote, ningelitaja sinia lile.

Wengi mtaniuliza juu ya India, kwa kuwa kila familia hapa ina mtu aliyekwenda Mumbai au Ahmedabad kutibiwa. Tata Memorial ya Mumbai imekuwa ikitibu saratani tangu mwaka 1941, na sina neno la kuidharau. Mwenye uvimbe unaoweza kuondolewa wote kwa mkono wa bingwa, na aende, na sote tumchangie. Ninalolisema ni kwamba kabla ya kuuza nyumba, familia imwulize daktari kwa maneno yaliyo wazi: safari hii itamwongezea mgonjwa nini, na itamwondolea nini? Miezi minne katika chumba cha kupanga, mbali na watu wake, ni sehemu ya maisha yake yaliyobaki. Hata wiki sita za Dar es Salaam si chache kwa mtu wa Tanga. Kwa wazee waliodhoofika, madaktari siku hizi huweza kutoa mionzi mara 15 kwa wiki tatu badala ya mara 30, na wenye kuuliza ndio wanaojua kwamba njia hiyo ipo. Safari ya pili ya nje huwa ni ya kuwatuliza jamaa mara nyingi kuliko kumtibu mgonjwa. Hiyo ni rai yangu, nami najua wapo ukumbini wasioikubali.

Mwaka 2005, mwezi Mei, Eugene O'Kelly, mkuu wa kampuni kubwa ya uhasibu ya KPMG huko Marekani, aliambiwa ana saratani hii. Alikuwa na miaka 53. Aliacha kazi, akaandika orodha ya watu anaotaka kuwaaga, akawaaga mmoja mmoja, wengine kwa barua, wengine kwa matembezi, na akafariki Septemba mwaka huo huo. Kitabu chake kilimaliziwa na mke wake. Nilikisoma kwa hamu na kwa wivu kidogo, kwa kuwa bwana yule hakuwa na wasiwasi wa ada wala wa kodi ya duka. Hata hivyo alifanya jambo ambalo sisi wafanyabiashara hulichelewesha: alipanga mambo yake akili ikiwa bado timamu. Sahihi ya benki, wosia, madeni tunayodai na tunayodaiwa, hati za nyumba, hata namba ya siri ya pesa za simu, yote haya yana muda wake. Mwoneni wakili mapema, kwa maana hati ya uwakilishi ya kawaida huenda isisimame baada ya mwenye mali kupoteza uwezo wa akili. Na mgonjwa ndiye aongoze mazungumzo hayo. Kumnyang'anya mtu ufunguo wa kasha siku alipotoka hospitali ni kumzika akiwa hai.

Majirani zangu, ninyi mlitujia kwa wingi, na wingi wenu ulitupa moyo. Niruhusuni niseme mawili kwa heshima. Ubongo uliopigwa mionzi huchoka upesi, na sauti tano kwa pamoja ni kama nyundo. Njooni wawili wawili, asubuhi, kwa robo saa, aseme mmoja. Na msizungumze juu ya mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Asiyeweza kujibu si lazima awe hasikii.

Na akishikwa na kifafa mbele yenu, msikimbie. Povu lile haliambukizi. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, legezeni ukosi, msimtie kijiko wala kitambaa kinywani, wala msimbane viungo. Tazameni saa. Ikipita dakika tano, au likija la pili kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Tiba shufaa nayo huogopwa bure. Watu hudhani daktari akiitaja amekata tamaa. Mwaka 2010 wataalamu wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya pafu. Nusu walipewa wahudumu wa tiba shufaa tangu mwanzo, pamoja na tiba ya kawaida. Hao waliishi vizuri zaidi, sonona ikawapata wachache zaidi, na juu ya hayo waliishi zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Lilikuwa pafu, si ubongo, na sitalivuta jibu mahali lisipofika. Lakini halimpi mtu sababu ya kungoja wiki ya mwisho. Afrika Mashariki yetu haiko nyuma katika hili. Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akieneza mofini ya maji, ya kunywa, ambayo mgonjwa huitumia nyumbani kwake kwa gharama ndogo. Ulizeni hospitalini kuhusu tiba shufaa siku ile ile mnapoambiwa jina la ugonjwa.

Nimemwacha mwenye kuuguza mwisho, kama dunia inavyomwacha. Shemeji yangu alilala saa tatu kwa usiku kwa muda wa mwaka mzima. Alikuwa akiishi na mume ambaye uso ni ule ule na tabia si ile, na hakuwa na ruhusa ya kuomboleza kwa kuwa mume yu hai. Kila aliyekuja alimwuliza hali ya mgonjwa. Mama mmoja jirani, Mwislamu, mke wa fundi wa pikipiki, ndiye aliyemwuliza hali yake yeye. Kisha akamwambia aende akalale, akaketi mwenyewe kando ya kitanda kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Alirudi kila Alhamisi. Hakuleta matunda wala ushauri.

Kutokana na mfano wake kikundi chetu cha huduma kimeandaa zamu ya kukaa na wagonjwa wa muda mrefu, saa tatu kila zamu, ili mwenye kuuguza apate kulala. Majina 14 yameandikwa hadi jana, saba ya wanachama na saba ya majirani, na karatasi iko mezani karibu na mlango. Aidha, katika stoo ya nyuma vipo viti vitatu vya magurudumu, kiti kimoja cha choo, magodoro mawili ya kuzuia vidonda, na kitanda cha kuinuka kichwa. Vinaazimwa bila malipo kwa mtu yeyote wa mtaa huu, wa dini yoyote, amwone katibu. Tunaomba tu kwamba viti virudishwe pamoja na vikanyagio vyake, kwa kuwa kimoja kilirudi bila kikanyagio cha kushoto, na dukani kwangu sina cha saizi ile.